Maziwa ya kondoo hayaendi na gari

Siku ile nilipoongelea kondoo wa maziwa kwenye mkutano wa kikundi chetu, waliokaa nyuma hawakusikia vizuri maana mvua ilikuwa inapiga bati vibaya mno, wakaniomba niandike nilichosema. Nimeandika hivi hivi kama nilivyoongea, na maswali nimeyaacha pale pale yalipoulizwa.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kamwene. Vijana mliosimama mlangoni ingieni jamani, nafasi ipo huku mbele, msilowane bure.

Mwenyekiti wa kikundi ameniomba niongelee kondoo wa maziwa, na alipotamka hivo nimeona watu wanaangaliana. Najua mnawaza nini. Kondoo tunamjua, ni wa Pasaka, ni wa msiba, ni wa kuuza ada ya mtoto ikibana, basi. Sasa kumkamua, utapata nini pale? Hata mama mkwe wangu alinikuta asubuhi moja nimechuchumaa nyuma ya kondoo na kijagi mkononi, akasimama akauliza, mwanangu, una shida gani? Nikamwambia mama, nakamua. Akavuta kigoda akakaa akaangalia mpaka mwisho, nikayachuja nikayachemsha nikampa, akanywa akanyamaza, alafu akasema haya mazito hivi yametoka kwa huyu? Toka siku ile anakuja na kikombe chake mwenyewe.

Lakini kabla ya kondoo mwenyewe naomba niseme jambo linaloniuma, na ndo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Sisi wa huku nyanda za juu kusini chakula tunacho. Malori ya viazi yanashuka kwenda Dar kila siku, mahindi yapo, maharage yapo, parachichi zetu zinaliwa mpaka Ulaya. Ila ule utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa chini ya miaka 5, udumavu Iringa ulikuwa karibu asilimia 57, na sisi Njombe kama asilimia 50, wakati nchi nzima ni kama asilimia 30. Yaani ukiwapanga watoto kumi wa hapa kijijini, watano hawajakua inavyotakiwa, na hiyo ni kwenye mkoa unaolisha mikoa mingine. Mimi nikisikia hiyo namba nashindwa kukaa kimya, maana hao watoto tunawajua majina.

Na sio kwamba hatuna maziwa. Maziwa yapo! Saa moja asubuhi mwenye madumu anapita, kila mtu anawahi barabarani na ndoo yake, mimi mwenyewe nimewahi miaka na miaka. Ng'ombe ametoa lita nane, lita nane zinaenda, nyumbani mtoto anakunywa chai ya rangi na kiazi. Simlaumu mtu, hela inatakiwa, mbolea inatakiwa, na mwenye mkataba wa maziwa ukipunguza lita mbili anakuuliza zimeenda wapi. Lakini jamani, maziwa ya kondoo hakuna gari linalokuja kuyafuata. Hakuna anayeyapigia simu. Yakishakamuliwa yanachujwa yanachemshwa yanaingia kwenye kikombe cha mtoto, yakizidi yanakuwa mtindi, yakizidi tena yanakuwa jibini, na yote hiyo imebaki ndani ya uzio wako. Watu wananiambia kondoo hana soko la maziwa, hiyo ndo kasoro yake. Mi nasema hiyo ndo sababu ya kumfuga.

Tuelewane tu, mtoto ambaye hajafika miezi 6 ni ziwa la mama yake peke yake, sio la ng'ombe wala la kondoo. Nazungumzia hawa wanaokimbia kimbia na hawa wanaoenda shule.

Haya. Maziwa yenyewe yakoje? Ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4, ya kondoo yanafika 6 mpaka 7. Protini ya ng'ombe ni kama 3 na kidogo, ya kondoo ni 5 na kuendelea. Ukiyakausha maji yote, kwenye maziwa ya ng'ombe kinabaki kama asilimia 12 au 13, kwenye ya kondoo inabaki kama 18. Kwa hiyo kikombe kimoja cha kondoo kinafanya kazi ya karibu kikombe na nusu cha ng'ombe, usiangalie ujazo wa ndoo ukasema huyu hatoi kitu. Rangi yake ni nyeupe sana, hayana ule unjano, na harufu ile ya kondoo mnayoiogopa haimo kabisa kama banda ni kavu na mkono ni msafi.

Sasa ujazo, sitawadanganya. Kondoo wetu wa kienyeji hajawahi kuchaguliwa kwa ajili ya maziwa, babu zetu walichagua nyama na mkia. Aliye mzuri kwangu ananipa glasi mbili asubuhi, karibu nusu lita, na wa kawaida glasi moja au moja na kidogo. Majike sita wakiwa kwenye maziwa napata kama lita mbili, na ananipa hivo miezi mitatu, minne, alafu anakauka. Lita mbili ni za nyumba yangu, sisi tuko saba, na zinatosha. Mtu anayetafuta lita 20 za kuuza afuge ng'ombe, pale Kitulo kuna shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, watu wanafuata mitamba kutoka mbali, aende huko na Mungu ambariki. Mimi naongea na yule mwenye robo eka ya majani, na banda la mabanzi, na watoto.

Maana hesabu ya chakula ndo hii: ng'ombe wa maziwa anataka kilo 50, 60 za majani mabichi kwa siku, mama unabeba mzigo kichwani asubuhi na jioni mpaka shingo inaingia ndani. Kondoo mzima kilo tano, sita. Majani anayokula ng'ombe mmoja wanakula kondoo wanane mpaka kumi. Na ng'ombe akifa usiku mmoja umerudi sifuri, kondoo akifa mmoja umelia ila wanane wapo. Mbuzi wa maziwa ni mzuri, sitamsema vibaya, wenzetu wa Mgeta kule Morogoro waliletewa mbuzi wa Norway miaka ya 1980 kupitia watu wa Chuo cha Sokoine na wakamkubali. Ila mbuzi anapanda, anaruka, anataka vichaka, ukigeuka amemaliza mboga ya jirani na kesi inaanza. Kondoo anainamisha kichwa anakula nyasi fupi mbele ya miguu yake, uzio wa mianzi unamtosha.

(Hapa baba mmoja akauliza, kuna watu duniani wanakamua kondoo kweli au ni sisi tu tunaletewa majaribio?)

Baba, swali zuri. Wapo, tena wengi. Kule Sardinia, kisiwa cha Italia chenye milima milima, watu wanaishi kwa kondoo wa kukamua. Kusini mwa Ufaransa wana kondoo anaitwa Lacaune, maziwa yake ndo yanatengeneza jibini ya Roquefort. Ugiriki wana feta, na kisheria kwenye feta maziwa ya kondoo hayatakiwi kupungua asilimia 70, mengine yanayobaki ni ya mbuzi. Na hata hapa hapa nchini wafugaji wa Kimaasai wakati wa shida wanakamua kondoo. Kwa hiyo sio kitu kilichoanguka kutoka juu.

Sasa wangu niliwapata wapi. Nilishuka Usangu kwenye mnada, nikanunua majike watano. Wengi wananunua kwa kuangalia mgongo na mafuta ya mkia, mi nilikuwa natafuta mama mwenye watoto mapacha wawili waliokua sawa sawa, maana kama mapacha wamenenepa ujue maziwa yapo, hiyo haiongopi. Alafu nikapapasa kiwele. Kiwele kizuri ni laini kama unga uliokandwa vizuri, kina pande mbili zinazolingana, hakina donge ndani. Kondoo ana chuchu mbili tu, ukikuta moja imekufa umeshapoteza nusu. Na chuchu ya kondoo imekaa kwa pembeni kidogo, sio chini kabisa kama ya ng'ombe, kwa hiyo ukimaliza kukamua inabidi ukiinue kiwele kwa kiganja, kuna maziwa yamekaa chini pale hayatoki yenyewe, na hayo ya mwisho ndo yenye mafuta.

Kitu ambacho sikukijua ni baridi. Kondoo wa Usangu amezoea jua, ukimpandisha huku mwezi wa 6 na upepo wetu huu na umande unaoganda, mapafu yanaingia maji. Niliteseka na vikohozi wiki tatu nzima. Banda liwe na sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mkojo na mavi yadondoke chini, ukuta uzibwe upande wa upepo, lakini juu karibu na paa acha wazi hewa itoke. Watu wanaziba kila mahali wakidhani wanasaidia, asubuhi ukifungua mlango harufu ya mkojo inakutoa machozi, sasa wewe umetoa machozi dakika moja, yeye amelala nayo usiku kucha.

Namna ya kukamua bila kumwonea mtoto. Hapa sikilizeni vizuri kina mama. Akizaa, siku za mwanzo usiguse, yale ni dang'a, ni ya mwanae, mtoto anyonye ndani ya saa moja, mbili za kwanza, akikosa hayo hata ukimpa kitu gani atakuwa dhaifu. Wiki mbili, tatu za kwanza mwache na mama yake muda wote. Baada ya hapo jioni unawatenga, mtoto analala chumba cha pili, wanasikiana, wananusana kupitia uwazi wa mbao ila hanyonyi. Asubuhi saa 12 unakamua, alafu unafungua mlango, mtoto anashinda na mama yake mpaka jioni. Unakamua mara moja tu kwa siku. Mama hapigi kelele, mtoto anakua, na wewe umepata yako. Huo utaratibu umenifaa kuliko mwingine wowote, na siku ukisafiri au ukiumwa hutengi tu, mtoto anakukamulia.

Usafi ni maji ya uvuguvugu, kitambaa kisafi cha kila kondoo, ukaushe kabisa, alafu yale matone mawili ya kwanza kamulia kwenye kikombe cheusi uyaangalie. Ukiona vibonge kama mtindi, huyo ana ugonjwa wa kiwele, mkamue wa mwisho na maziwa yake yasiingie kwenye ya wengine. Ukimaliza, chuja, na chemsha. Nasema chemsha, hata kama babu alikunywa mabichi akafika miaka tisini. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaoingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi, unaumwa homa na viungo miezi na miezi ukidhani ni malaria. Kwa ajili ya jibini sio lazima yachemke, nyuzi joto 63 kwa nusu saa inatosha, kama una kipimajoto.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hata kama mtasahau mengine yote niliyosema naomba hili mwende nalo nyumbani. Parachichi.

Kila mtu hapa ana parachichi, na kila mtu amesikia ukiwa na miparachichi weka kondoo chini wale nyasi, watoe samadi. Mwaka wa pili wa kufuga kwangu tulipogolea miti yetu, ilikuwa mwezi wa 9, kiangazi kimekaza, majani ya kukata yamekwisha mpaka mabondeni, na mbele yangu kuna lundo la majani mabichi ya parachichi yanang'aa. Nikaona Mungu ameniletea. Nikawarushia mafungu mawili jioni, na walikula vizuri tu, mpaka nikafurahi.

Asubuhi nikaenda kukamua. Jike langu la kwanza, yule mwenye mapacha, namgusa kiwele kimekuwa kigumu kama kiatu, cha moto, nakamua yanatoka maji maji na vipande. Wa pili hivo hivo. Wa tatu hivo hivo. Nikasema hii ni ya kiwele imewapata wote kwa mpigo, nikakimbilia duka la dawa, nikachoma sindano, kesho yake hakuna mabadiliko. Siku ya tatu yule wa mapacha akavimba chini ya shingo mpaka kifuani, anahema kama amepanda mlima, mchana akalala hakuinuka. Bwana mifugo alipofika hakuuliza dawa gani nimechoma, aliuliza, mama, umewalisha nini? Nikamwonyesha lile lundo. Akakaa chini kwenye jiwe.

Akanieleza kwamba majani ya parachichi yana sumu inaitwa pesini, inaenda moja kwa moja kwenye kiwele cha mnyama anayenyonyesha inaua zile nyama zinazotengeneza maziwa, na akila zaidi inaenda kwenye moyo. Parachichi zenye asili ya Guatemala ndo zinajulikana zaidi kwa hiyo sumu, na hizi Hass tunazopanda zina damu ya huko pia. Sio kondoo tu, mbuzi, ng'ombe, sungura, farasi, hata ndege. Sindano ya kiwele haisaidii kwa sababu sio wadudu, ni sumu. Wale wawili walipona ila maziwa hayakurudi msimu ule, na wale mapacha niliwalea kwa chupa ya soda na maziwa ya ng'ombe ya jirani, saa nane usiku natoka na kibatari, mwezi mzima. Yule mama yao ndo alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Kwa hiyo ukipogoa, matawi yaende mbali, yafukiwe au yachomwe. Yakikauka pia usiwape. Ukitaka wale nyasi shambani mwa parachichi, ukate nyasi uwapelekee bandani, uchambue majani yaliyodondoka. Usiwafungie mle. Nasema hivi kwa sababu kila msimu miche inapandwa mingi zaidi, na kondoo wanafungwa chini yake, na mtu akiona kiwele kimekuwa kigumu anasema amerogwa.

Hapo hapo niongeze la shaba, nitalipitia haraka. Kondoo hawezi shaba kama ng'ombe au nguruwe. Inajikusanya kwenye ini kimya kimya, siku moja inaachia, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mwekundu au kama kahawa, ameondoka. Kwa hiyo usimpe chakula cha nguruwe, usimpe jiwe la madini la ng'ombe, tafuta la kondoo, na kama hulipati mpe chumvi ya kawaida tu. Na usikate majani kwenye shamba lililopigwa mrututu au dawa ya ukungu yenye shaba, kwenye kahawa, kwenye nyanya, popote. Majani ya viazi mviringo pia hapana, na viazi vilivyogeuka kijani hapana.

(Mama mmoja akauliza habari ya minyoo, kwamba wake anawapa dawa kila mwezi na bado wanakonda.)

Dada, dawa kila mwezi ndo inafanya minyoo izoee dawa. Yule mnyoo anayeua kondoo anakaa tumboni ananyonya damu, kwa hiyo mwangalie damu yake. Shusha kope ya chini ya jicho, angalia ndani. Ikiwa nyekundu, mwache. Ikiwa nyeupe kama karatasi, huyo anahitaji dawa leo leo. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia hiyo kope, ila hata bila kadi ukiangalia kila wiki mbili wakati wa mvua jicho lako litajua. Unamtibu aliye mweupe, sio zizi zima. Na yule ambaye kila mara ni mweupe, huyo usimzalishe, mfanye kitoweo, maana udhaifu ule anawapa watoto.

Alafu umande. Viluwiluwi vya minyoo vinapanda kwenye majani yakiwa na unyevu, na vingi viko chini chini, karibu na udongo. Basi usiwatoe kabla umande haujakauka, na usiwaache wakwangue mpaka ardhini, nyasi zikifika upana wa kiganja wahamishe. Mi nimegawa malisho yangu vipande sita kwa uzio wa mianzi, siku nne hapa, siku nne pale. Tangu nianze hivo dawa nanunua kidogo sana.

Kiangazi mnakijua, mwezi wa 6 mpaka wa 10 hakuna kitu. Mwezi wa 4 nyasi zikiwa zimetoa maua tu hazijakomaa, tunakata, tunaanika siku mbili, tatu, tunageuza, tunashindilia kwenye boksi la mbao tunafunga kamba, tunapanga darini. Mabua ya mahindi yapo, mabua ya maharage ndo matamu zaidi, na mashudu ya alizeti kiganja kimoja kwa anayekamuliwa na mwenye mimba ya mwezi wa mwisho. Mwenye mapacha tumboni usimwache na njaa mwezi ule wa mwisho, anaanguka, anakuwa kama haoni, anakufa na watoto wake. Na maji, jamani, anayenyonyesha anakunywa hata lita nane kwa siku, maji yetu ni ya baridi sana asubuhi hawayataki, subiri jua liyapashe kidogo. Mtu ananyima maji alafu anauliza maziwa yako wapi.

Dume mmoja anatosha majike 25, kwa hiyo hapa hatuhitaji kila nyumba iwe na dume, tushirikiane, ila tubadilishane kila baada ya mwaka na nusu asije akawapanda binti zake. Mimba ni siku 147, tuseme miezi mitano. Uzuri wa huku kwetu karibu na ikweta ni kwamba kondoo anapata joto mwaka mzima, kila baada ya siku 17, sio kama Ulaya wanaosubiri msimu. Kwa hiyo nimewagawa mafungu mawili, fungu la kwanza linapandwa mwezi wa 6 lizae wa 11 mvua zinaanza, fungu la pili linazaa mwezi wa 3 au wa 4. Hivo kikombe hakikai kikavu muda mrefu nyumbani.

(Kijana mmoja akauliza, kwa nini tusilete mbegu ya kizungu moja kwa moja tukapata lita tatu?)

Mwanangu, nilikuwa nasubiri hilo. Kuna kondoo anaitwa East Friesian, anatoka kaskazini mwa Ujerumani, kule kule pwani ya baridi ambako jamii ya hawa ng'ombe weusi na weupe wa Kitulo ilitoka. Huyo ndo anajulikana kwa maziwa kuliko wote, akiwa kwao analishwa vizuri anatoa hata lita 500 kwa msimu. Lakini ukimtoa kwao mapafu yake ni dhaifu, minyoo inamlaza, na anataka kula kweli kweli. Israel walifanya kwa akili, walichukua kondoo wao wa asili anaitwa Awassi, mwenye mkia wa mafuta kama wetu, wakamchanganya na huyo East Friesian, na walipotulia wakabakiza sehemu tano kati ya nane damu ya nyumbani na tatu ya mgeni, wakamwita Assaf. Ya nyumbani imebaki kubwa. Kwa hiyo siku tukipata dume la mbegu kwa njia halali, kupitia watu wa mifugo, mi nitakuwa wa kwanza kuchangia. Ila kwa sasa kama unakosa majani kiangazi na hujui kusoma kope, mbegu ya lita tatu itakufia mkononi. Tuanze na daftari. Kila asubuhi naandika jina la kondoo na kipimo alichotoa, binti yangu wa darasa la tano ndo karani wangu. Baada ya miaka mitatu nilijua nani azae na nani aliwe, na mabinti wa yule mwenye mapacha, wale wa chupa ya soda, leo wananipa zaidi ya mama yao.

Jibini nitawaonyesha kwa mikono, maneno hayatoshi. Kwa ufupi tu, maziwa ya ng'ombe unahitaji kama lita 10 kupata kilo moja ya jibini, ya kondoo lita 5, 6 inatoka. Naweka mtindi wa jana kidogo, naweka renneti, ile dawa ya kugandisha maziwa, naacha igande, nakata, nachuja kwenye kitambaa, naweka kwenye maji ya chumvi kali, inakaa wiki nyingi bila friji kwa baridi hii yetu. Ukikosa renneti tumia ndimu, yachemke kwanza alafu ukamulie, ni laini zaidi ila watoto wanaipenda na ugali. Yale maji yanayobaki ni ya nguruwe na kuku, hakuna cha kumwaga. Siagi ndo ngumu, mafuta ya maziwa ya kondoo hayapandi juu kwa urahisi, msihangaike nayo.

Samadi sijaiongelea na muda umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Viazi vyangu mmeviona.

Basi kesho saa 12 asubuhi nawasubiri bandani kwangu, wale wanaotaka kujaribu kwa mkono wao. Kucha zikatwe fupi, na pete mvue mziache nyumbani. Kila mmoja aje na kikombe, na kama una mtoto njoo naye, kondoo wanaonyonyesha sasa hivi ni saba na maji ya moto yatakuwa tayari jikoni.